Suruali ya Bakteria Mbele ya Wakaguzi

Ndugu yangu, kaa chini kwanza. Shangazi amewaonyesha wakaguzi SURUALI YA BAKTERIA!

Unamjua, yule wa maabara, anayechunguza utando unaomzunguka bakteria. Leo wakaguzi walikuja kuamua kama maabara yake ifungwe. Wakauliza, "Utafiti huu umemsaidia nani?"

Akabonyeza slaidi. Badala ya grafu, ikatokea katuni niliyoichora na kuichomeka jana kwa heshima zote, nikidhani ni somo la wanafunzi wake: bakteria mnene, kitovu nje, suruali imechanika, analia, "Mama, navuja!"

Navuja! Mbele ya wakaguzi! Mimi kule nyuma nikajifanya nafunga kamba za viatu, roho mkononi.

Shangazi akaielekezea picha kidole. "Suruali ndiyo utando," akasema. "Sisi tuligundua inapochanikia. Dawa inayotoboa hapohapo sasa inaponya vidonda wodini."

Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, mbona hukutuambia hivyo tangu zamani? Endelea na kazi!"

Maabara imepona, ndugu yangu!

Wageni walipotoka, shangazi akanishika sikio. Nikasali sala ya mwisho.

"Bakteria hana kitovu," akasema. "Kifute, halafu nirudishie katuni hiyo; sasa ni slaidi yangu."