Ulifika Paje, Mama, Hukufika Kwangu

Jambiani, Unguja

Kwako Mama,

Shikamoo. Mguu wa kulia unaendeleaje? Naanza na mguu kabla ya presha na magoti, kwa sababu najua ulichomwa miiba sita kule Paje, mitatu kwenye kisigino. Hukuniambia wewe, wala Dada Saumu hakuniambia. Kaniambia jirani yangu Bi Pili, anayelima mwani huko Paje, mtu baki kabisa.

Sie huku wazima. Watoto wanasoma, na mkweo Haji anakupa shikamoo. Wageni si haba, vyumba viwili kati ya vitatu vya kupangisha vina watu.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako siku hizi anaipokea Dada kuliko wewe. Barua nimempa Mjomba Shomari, aliyekuja huku kwenye msiba wa rafiki yake na anarudi huko kesho. Nimemwambia akupe mkononi. Vaa miwani, usome mwenyewe.

Mama, mie sikusafiri. Pemba sijaikanyaga mwaka huu. Siku zote tatu ulizokuwa Paje na kikundi cha akina mama wa Chang'ombe, nilikuwa hapa hapa Jambiani, robo saa kwa gari, nakaanga samaki wa wageni.

Jumapili Bi Pili alipita na ndoo yake kichwani. "Mwanahawa, umerudi lini?"

"Kutoka wapi?"

"Si Pemba!"

Nikacheka. Nikamuuliza nani kanipeleka Pemba.

"Mama yako. Jana nilimtoa miiba ya wale wadudu weusi wa kwenye mawe, nikampaka utomvu wa papai bichi. Nikamuuliza, bibi, huna mtu huku? Kasema ninaye binti Jambiani, Mwanahawa, ila kaenda Pemba kwa wakwe zake."

"Mbona hukuja kuniita?"

"Nikuite vipi, na uko Pemba?"

Nilipanda bodaboda na kanga ya jikoni, mikono inanuka samaki. Kwenye nyumba ya wageni aliyonielekeza Bi Pili nikamkuta mhudumu anatandua mashuka. "Wameondoka alfajiri, sista. Kiongozi wao kawaharakisha." Kiongozi gani? "Yule mwenyeji wao. Anaijua Zanzibar yote kwa kichwa!"

Mwenyeji, Mama! Kabla ya safari hii Dada Saumu hajawahi kulala kisiwa hiki hata usiku mmoja.

Mwezi uliopita alinipigia, sauti ya asali. Eti rafiki yake anakuja Unguja kwa mara ya kwanza, nimwelekeze. Nikamrekodia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, kama ninavyowaelekeza wageni wangu. Nilisema tiketi ya boti ikatwe dirishani, siyo kwa vijana wa getini. Nilisema asubuhi ya safari mtu ale mkate mkavu na tangawizi, maharage ayaache nyumbani. Nikasema baharini asiingie bila viatu vya mpira vya kufunga. Na kwa kuwa alisema rafiki anakuja Jumamosi ile, nikampa saa ya maji ya Jumamosi ile: saa nne asubuhi maji yamejaa, aoge hapo.

Nyie mmeingia baharini Jumamosi ya pili yake, na yeye kashika saa ile ile. Bahari haina saa moja, Mama. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika hamsini. Zidisha kwa siku saba, unakaribia saa sita. Pale yalipokuwa yamejaa, sasa yamekupwa. Bi Pili aliwaona: kawatoa saa nne mkaoge, mkakuta mchanga na mawe, akawaambia "tuyafuate maji huko yaliko." Mkayafuata na ndala. Mtoto wa darasa la pili wa Jambiani asingefanya kosa hilo.

Nilimpigia Dada. Hakukataa.

"Mbona umemwambia Mama nimesafiri?"

"Aa, Mwanahawa nawe! Wale akina mama niliwaambia mie mzoefu wa huko. Mngekutana, ungeanza mahesabu yako mbele za watu."

"Kwa hiyo ukanipeleka Pemba."

"Siku tatu tu! Nimekurudisha, au sijakurudisha?"

Akacheka. Mie sikucheka. Nilikuja kisiwa hiki na begi moja na sufuria mbili, nikaanza kwa kufua mashuka ya watu. Chumba cha kwanza nilichojenga kwa jasho langu si cha wageni. Ni kile cha uani, chenye mlango wake wa nje na choo chake. Wewe ulisema siku ya harusi yangu kwamba mkwe hazoelewi, huwezi kulala paa moja na mwanaume uliyemwozesha binti yako wala kupishana naye mlangoni mwa choo. Nikasema sawa, nitakujengea paa lako. Dada analijua hilo. Picha ya bati nilimtumia yeye kwanza.

Ya Dada nimeyamaliza. Lako wewe ndilo linaninyima usingizi. Mtu akiwa Pemba simu yake haizimiki. Siku tatu mlikuwa huku, na Jumamosi mguu umevimba, umekaa kitandani na simu yako mkononi, Dada yuko ufukweni na wenzake. Hukunipigia hata kunipa pole ya safari. Ulidanganywa, Mama, au ulikubali?

Sitaki jibu la mdomo. Njoo. Na safari hii nisikilize mie mwenyewe. Chukua kitambulisho. Panda boti ya asubuhi, kaa sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, hapo haiyumbi sana. Bandarini usimpe mtu begi lako hata akikuita mama, nitakuwa nimesimama nje ya geti. Usibebe ndoo ya maji kama safari ya shamba. Maji ya kunywa yapo, ila ya kuoga yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu, usije ukadhani imeharibika. Viatu nimenunua, namba thelathini na nane. Kuoga baharini tutaenda saa nitakayokuambia siku hiyo hiyo.

Ukija, lile swali sitakuuliza. Nitakufungulia mlango wako tu. Usipokuja kabla ya Ramadhani, nitajua umeshanijibu, na chumba nitakipangisha.

Msalimie Shangazi wa Kimara, mwambie dawa ya mgongo nimeipata. Msalimie mama mwenye nyumba, na Ustadhi aliyetufundisha juzuu ya kwanza. Dada Saumu naye msalimie, salamu ni haki ya kila mtu. Mwambie imetoka Jambiani.

Ni mie mwanao uliyemzaa,
Mwanahawa