Ndoo ya Bibi Minza

Mama, shikamoo kutoka huku Magu, kando ya ziwa.

Kumbe kazi yangu ya takwimu, ile unayoiita kuchezea kompyuta, ina jasho! Kompyuta ilipanga visima vya kutengenezwa, ikakiacha cha kijiji hiki. Fomu niliyoitunga mwenyewe iliuliza kama kisima kinatoa maji, na watu walijibu ndiyo. Leo asubuhi Bibi Minza wa hapa kijijini akanikabidhi ndoo.

"Piga pampu, msomi."

Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Ndoo haikufika nusu, naye alikuwa ameshakaanga sato.

"Si kinatoa?" akacheka. "Ndiyo maana tunachota ziwani, kwenye mamba."

Nimebadilisha swali: ndoo inajaa kwa muda gani? Sasa kisima chao ndicho cha kwanza kwenye orodha. Sato nilipewa mkia. Kichwa, alisema, ni cha anayejaza ndoo.

Basi, Mama, sikuulizi kama goti limepona, maana utajibu ndiyo. Niambie unapumzika mara ngapi kabla ya kufika kanisani.

Mwanao akupendaye, mikono ikiuma,
Masanja