Figo Uliyoondoka Nayo, Kaka Obbo

Mwaka umetimia, kaka Obbo, tangu ulipotuacha tarehe 9 Agosti 1967, katika hospitali ya mbali kule Uingereza, ukiwa na figo yangu ndani yako.

Watu wa Petta, Lumino na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, wanakukumbuka kwa ng'ombe. Ng'ombe aliyefiwa na ndama wake akimpiga mateke ndama yatima, uliitwa wewe. Ulimvika yatima ngozi ya ndama aliyekufa, ukampaka chumvi mgongoni, ukakaa pembeni ukipiga mluzi. Ng'ombe alilamba, akalamba tena, mwisho akasimama kunyonyesha. Hukuondoka kabla ya kuona ndama amelala ameshiba.

Uingereza ulikwenda kusomea mifugo. Figo zako mbili zilipokufa, madaktari walitaka ndugu wa damu, nikapelekwa mimi. Siku ya tatu baada ya kupandikizwa figo yangu, mkojo ulitoka mwingi, ukanicheka: "Akullo, figo yako inaongea kuliko wewe!"

Wiki ya nne ukapata homa. Tumbo likavimba upande ule wa figo, mkojo ukakauka.

"Sasa imenyamaza kama mwenyewe," ulisema. "Dada, ulisahau kunipaka chumvi."

"Chumvi umekatazwa."

"Basi nipake sukari, Wazungu wanilambe."

Muuguzi mmoja wa Busia, upande wa Kenya, alinitafsiria maneno ya daktari. Kwamba mwili una askari wake, wakiona kitu kigeni wanakipiga, ndiyo joto na uvimbe. Kwamba dawa ya kuwatuliza ikizidi, hata kikohozi kidogo kinaua. Niliitikia kama nimeelewa. Sikuelewa, na hata leo sielewi. Kigeni gani, kaka? Tulinyonya titi moja. Ng'ombe alikubali mtoto wa mwenzake, mwili wako ukamkataa dada.

Mazikoni mjomba Mangeni aliniuliza mbele ya watu: "Akullo, ulimpa kwa moyo mweupe? Mwili wa ndugu haukatai bure." Unanijua. Nilitazama chini, nikanyamaza, na wengi wakafikiri nimejibu.

Leo najibu. Niliogopa kisu. Nililia hadi muuguzi akanishika mkono. Lakini sikuogopa kukupa. Daktari alisema figo haijui woga wa mtu, mimi sijui. Najua tu kwamba siku ya mwisho uliniuliza, "Ukirudishiwa utaichukua?" Nikakujibu kwa sauti uliyoisikia wewe peke yako: "Kaa nayo."

Kovu langu linawasha mvua ikikaribia. Naligusa, nakuita kwa jina.

Unakumbukwa na baba yetu Othieno, mama yetu Kevina, mdogo wako Akullo, na mjomba Mangeni wa Lumino, ambaye nitamsomea haya mimi mwenyewe, kwa sauti.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Kaa nayo, kaka. Ni yako.