Babu Asishike Usukani

Kwako mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Anayeandika ni fundi cherehani wa jirani, maana mimi kalamu naijua kwa sura tu. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe. Mimi mzima, ila goti ndilo lina maneno mengi.

Ile ramani ya safari yetu ya likizo imefika. Babu yako ameibandika ukutani, anapitisha kidole kwenye miji ya kale na vijiji vyote vya pwani. "Barabara hii nimeendesha basi miaka thelathini," anasema. "Naijua hata nikifumba macho." Nguo ameshapanga.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba dereva ni yeye. Hapana. Jumanne asubuhi alitoka na gari kununua sabuni duka la kona. Karudi jua linazama, gari likiendeshwa na mhudumu wa kituo cha mafuta cha mji wa pili. Akaniambia tairi lilipasuka. Nimeyakagua yote manne, mazima. Nikamtengea chakula.

Kwa hiyo utaendesha wewe. Sema bima inataka jina lako, sema uongo wowote, mimi nitauitikia. Yeye akae mbele, ubavuni kwako, atuonyeshe njia. Akisema kata kushoto, wewe kata kushoto, hata kama kibao kinaelekeza kulia. Tutageuzia mbele ya safari, bahari haihami. Na nikikusikia unamsahihisha, nitakufinya kutoka kiti cha nyuma.

Ni mimi, mke mkubwa,
Bibi yako