Usikifunike Tena Kioo cha Mama

Maskati, Ijumaa jioni

Dada yangu Raya,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo humo nyumbani. Barua hii nampa Bi Shemsa, jirani yetu wa hapo Kengeja, anayerudi likizo, akutie mkononi. Vipi mgongo? Kumwinua Mama kila siku si mchezo. Mie mzima, ila uchovu. Watoto wa tajiri wangu wote wana mafua, nashinda nimewabeba huku namuwaza wangu uliye naye wewe.

Usishangae nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu Mama anasikia kila kitu, na wewe ukianza kulia unakata. Haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Dada, siku ile ya wageni nilikuwemo. Unajua tangu hospitali walipomrudisha Mama na vyombo vyao, atibiwe kitandani pake kama yumo wodini, yule daktari kijana wa mjini Chake huniunganisha na mie akimtazama kwenye kishikwambi. Siku nyingine tunacheka. Mama anamkaribisha muhogo wa nazi, anamwambia, "Mwanangu umekonda, huko hospitali hawakupi chakula?" Siku ile hatukumwona Mama wala kitanda. Tuliona maua mekundu ya kanga tu. Ulikifunika kioo cha kishikwambi.

Sababu naijua. Wanawake wamekuja kumtazama mgonjwa, wamevua mabuibui, Mama yu kichwa wazi kwa joto, na mle ndani ya kioo yumo mwanamme. Nani wa kwetu asingefunika?

Lakini sauti ilikuwa inatufikia. Nikawasikia wageni wanachekea harusi ya Kiuyu, na chini ya vicheko namsikia Mama, pumzi zinamkatika, anaita, "Zuwena, maji. Zuwena." Ananiita mie, Dada, kama nipo jikoni! Nikapiga kelele, "Mama anaita! Mtazameni Mama!" Hakunisikia mtu. Ni daktari aliyekupigia simu, ukaja mbio kutoka uani, ukakuta mpira wa hewa umemtoka puani.

Baadaye daktari alizungumza nami taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Moyo wa Mama haurudi tena ulivyokuwa. Na kioo kikifunikwa mara nyingine atamrudisha wodini, maana hawezi kumtibu mtu asiyemwona. Nawe ulikuwepo, siku ya safari yangu, Mama alipotushika mikono: "Msinitoe humu wanangu. Nife nasikia adhana ya msikiti wetu." Hajatuomba kingine.

Kwa hiyo, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu, lakini hili sikuombi, nakwambia. Usikifunike tena. Bi Shemsa anakuletea mitandio miwili, myepesi, haitamtia joto. Mfunike Mama, kioo kiache wazi. Wageni wakae ukumbini, waingie mmoja mmoja na mabuibui yao. Atakayenuna anune. Sema Zuwena ndiye mkorofi, nipo mbali, hawanipati.

Wala usijile moyo. Mama yu hai, na aliyemsafisha na kumlisha ni wewe, si mie. Mie mkataba haujaisha na tajiri hataki kusikia neno ruhusa. Nitamuaga Mama kwenye kioo hicho, Dada, hilo nishalijua. Basi niache nimuone uso.

Msalimie mjomba Khamis, asichoke kuangalia umeme wa mashine. Yule nesi anayekuja asubuhi mpe shukrani zangu. Mama mbusu mkono, mwambie maji yanakuja.

Na Nasra, mwanangu. Nesi kanihadithia, kama alivyosikia kwa wageni, kwamba siku ile, alipoiona kanga juu ya kioo, alikwenda akaweka kidole mdomoni, akawaambia wageni wasipige kelele, mama yake kalala humo ndani.

Mwambie mama yake hajalala.

Mdogo wako,
Zuwena