Ndama ya Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Luberizi, siku ya soko

Binti yangu Murekatete,

Minye baba yako niko muzima. Mpunga ya majirani imelala, yetu imesimama, inanijua.

Bwana yako alinieleza: ekografi ya Uvira, ile mashini ya kutazama mimba, imeonyesha matumbo ya mtoto iko inje ya tumbo yake, na doktere anataka uzalie Bukavu, kwenye iko wapasuaji. Nilimucheka. Minye ninatazama ng'ombe ikitembea tu, ninajua mimba yake. Weye pia nilikutazama, nikasema mtoto ni muzima.

Lakini ndama yetu moja ilizaliwaka vile, matumbo inje. Niliosha, nikarudisha, nikashona kwa sindano ya magunia. Nani mwingine angeweza? Ilisimama, ikanyonya. Kesho yake ikakufa, sababu sikukuwa na dawa. Bukavu dawa iko. Wende, mama. Usingojee uchungu ianze.

Kwetu mtoto hapewe ng'ombe mbele ya kuzaliwa. Jana nilimutengea ndama jike. Mama yako analalamika: "Mzee, unaita balaa!" Nilimujibu anyamaze. Ndama ni ya mtoto, lazima aje aichukue.

Baba yako,
Ndahiro, fundi wa ng'ombe