Tumbo la Aiko na Mgongo Wangu

Al-Nuzha, Jeddah

Dada Mueni,

Mko salama? Joto la huku linanichosha hata kabla sijashika ufagio. Aiko, binti wa bosi wangu Mjapani, huumwa tumbo kila Jumamosi, kesho yake ikiwa shule, maana wiki ya huku huanza Jumapili. Daktari alimpima, akasema mafi shida, yaani hakuna shida, haumwi. Madam akimuuliza kama ana huzuni, anashangaa: "Hapana, ni tumbo tu."

Jana nilimpikia uji, nikamuuliza lilianza lini. Akafikiria sana. "Tulipohama Riyadh, nikamwacha rafiki yangu." Kisha akaitazama leso niliyojikaza kiunoni kwa maumivu ya mgongo. "Na mgongo wako ulianza lini, anti?"

Nikasema ni kazi. Lakini dada, ulianza kuuma siku uliyoniambia mwanangu anakuita mama.

Mkumbatie sana. Usimkataze.

Mdogo wako, Kasyoka